Mwinamo wa paneli za jua: Mnunuzi aangalie paa kabla ya kuongeza mtaji

Malalamiko ya wanunuzi wa umeme wa jua hufanana karibu kila mahali: paneli haina nguvu, betri haikai, taa zinazimika kabla ya saa nne usiku. Majibu ya wauzaji nayo hufanana: ongeza paneli nyingine, au badilisha betri. Majibu yote mawili yanamtoa mnunuzi fedha mfukoni. Ni nadra kusikia muuzaji akimwambia mteja apande kwanza juu ya paa, aangalie paneli imeinama kiasi gani na imeelekea upande gani. Kazi hiyo inahitaji ngazi na nusu saa tu, lakini ndiyo inayoweza kuamua kama mtaji uliowekwa utarudi au utapotea.

Kwa mwenye mshahara mnono suala hili ni usumbufu tu. Kwa mwenye kibanda cha kuchaji simu, saluni ya kijijini au nyumba ya kupangisha ambayo umeme wa gridi haujaifikia, hilo ni suala la faida na hasara. Mtambo wake ndio bidhaa yake. Upungufu wa umeme wa leo ni mteja aliyekwenda kwa jirani, na upungufu wa miezi miwili mfululizo ni betri iliyokufa kabla ya kurudisha bei yake.

Wati za kwenye kibandiko

Mnunuzi anapaswa kuanza na hesabu. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa katika hali maalumu: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na seli za paneli zikiwa na joto la nyuzi 25 za Sentigredi. Juu ya paa la bati hali hiyo ni nadra kupatikana.

Sehemu nyingi za Tanzania na Kenya hupata, kwa wastani wa mwaka, mwanga unaolingana na saa 5 hivi za jua kali kwa siku. Kwa hesabu ya karatasi, paneli ya wati 100 ingetoa wati-saa 500. Baada ya kuondoa kinachopotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri yenyewe, mfanyabiashara mwangalifu atapanga matumizi yake kwa wati-saa 350. Hiyo ni zaidi kidogo ya theluthi ya yuniti moja ya umeme wa mita.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba paneli inalitazama jua vizuri. Paneli hupokea mwanga wote pale tu jua linapoipiga wima. Miale ikija kwa mshazari wa nyuzi 10, mwanga wa moja kwa moja hupungua kwa asilimia 1.5 tu. Kwa nyuzi 20 upungufu ni asilimia 6, na kwa nyuzi 30 ni asilimia 13. Kwa nyuzi 45 hufika asilimia 29, na kwa nyuzi 60 nusu nzima ya mwanga huo imepotea. Kwa hiyo kosa dogo la mwinamo haliumizi. Kosa kubwa ndilo linaloua, na hasara yake hukua haraka kuliko kosa lenyewe.

Kanuni ya Ulaya kwenye paa la Temeke

Makosa makubwa mengi yanatokana na vitabu vya maelekezo. Mnunuzi hufungua kijitabu kilichokuja na mtambo na kusoma kwamba paneli ielekezwe kusini na kuinuliwa nyuzi 30 hadi 35. Maelekezo hayo ni sahihi kwa nchi yaliyoandikiwa. Mjini London, ulioko nyuzi 51.5 kaskazini ya Ikweta, jua la adhuhuri mwezi Desemba hupanda nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, na liko upande wa kusini. Huko paneli iliyolazwa chini haiwezi kulipa.

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 6.8 kusini ya Ikweta. Hapa jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Tarehe 21 Juni jua la adhuhuri liko nyuzi 30 upande wa kaskazini wa utosi, na tarehe 21 Desemba liko nyuzi 17 hivi upande wa kusini. Mwaka mzima, jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, isipokuwa kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja.

Sasa fundi aliyefuata kijitabu anapoinua paneli nyuzi 30 kuelekea kusini, adhuhuri ya Juni jua linaipiga kwa mshazari wa nyuzi 60, na nusu ya mwanga wa moja kwa moja imepotea. Kwa lugha ya ramani, paneli hiyo imelala sawa na ardhi iliyoko nyuzi 37 kusini ya Ikweta. Cape Town iko nyuzi 34. Mwenye paneli hiyo amejenga Temeke, lakini mwezi wa Juni anavuna jua la baharini, kusini ya ncha ya bara la Afrika, katikati ya majira ya baridi ya huko.

Ukijumlisha na mwanga unaotoka pande zote za anga, ambao hauchagui sana mwinamo, mtambo kama huo utapoteza takriban theluthi ya umeme wake mwezi Juni, na kati ya asilimia 10 na 15 kwa mwaka mzima. Kanuni ya jamaa walioko Muscat nayo ni hivyo hivyo. Mji huo uko zaidi ya nyuzi 23 kaskazini, na paneli iliyoinuliwa kuelekea kusini inafaa kule. Kuihamishia kanuni hiyo Unguja ni kujitafutia hasara.

Nyuzi 10 kuelekea kaskazini zatosha

Kwa Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga, Morogoro na Dodoma, mwinamo wa nyuzi 10 kuelekea kaskazini unatosha. Kwa mwinamo huo, jua la adhuhuri ya Juni linaipiga paneli kwa mshazari wa nyuzi 20, na lile la Desemba kwa nyuzi 27 hivi. Hasara ya mwanga wa moja kwa moja saa hiyo ni asilimia 6 mwezi Juni na asilimia 11 mwezi Desemba, na katika miezi ya katikati ni ndogo zaidi. Hakuna msimu unaoachwa na njaa.

Mtwara, Songea na Mbeya, zilizoko kati ya nyuzi 9 na 11 kusini, zinaweza kwenda nyuzi 10 hadi 15, upande ule ule wa kaskazini. Nairobi, iliyoko nyuzi 1.3 tu kusini, na Kampala, iliyo karibu juu ya Ikweta yenyewe, hazina sababu ya kugombania upande. Nyuzi 10 zinatosha, na tofauti ya mwaka kati ya kaskazini na kusini ni ndogo. Hata hivyo, Nairobi hupata mawingu na baridi mwezi Julai na Agosti, wakati jua liko kaskazini, hivyo anayeweza kuchagua achague kaskazini.

Wapo watakaouliza kwa nini paneli isilazwe bapa kabisa, kwa kuwa umeme unaopotea kwa kufanya hivyo ni kama asilimia moja tu kwa mwaka. Jibu liko kwenye maji na vumbi. Paneli bapa hutuamisha maji, na yakikauka huacha tope kwenye ukingo wa chini wa fremu, mahali ambapo mstari mzima wa seli unaweza kufunikwa. Mwinamo wa nyuzi 10 unaiachia mvua ifanye usafi bure.

Mwenye paa linaloelekea mashariki na magharibi naye asitishike. Paa la bati lenye mwinamo wa nyuzi 15 linalotazama mashariki au magharibi hupoteza asilimia chache tu kwa mwaka katika nchi hizi. Akigawa paneli zake nusu kwa nusu, atapata umeme wa mapema asubuhi na wa jioni pia. Linalopaswa kuogopwa ni paa kali la upande wa kusini kwa mkazi wa Tanzania.

Hesabu ya kibanda cha simu

Mfano wa kibanda cha kuchaji simu unaonyesha uzito wa jambo hili. Kibanda kina paneli ya wati 100 na betri ya risasi ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100. Betri hiyo hubeba wati-saa 1,200, lakini mwenye busara hatumii zaidi ya nusu yake, yaani 600, asije akaiharibu. Matumizi ya kibanda ni wati-saa 320 kwa siku.

Paneli ikiwa imelazwa vizuri na kutoa 350, mwenye kibanda ana akiba ya 30 kila siku. Ikiwa imeelekea kusini kwa nyuzi 30, mwezi Juni itatoa 245 hivi, na kila siku atakuwa na pengo la 75. Betri italijaza pengo hilo kimya kimya kwa siku nane, hadi zile 600 zimekwisha. Siku ya tisa mteja anaambiwa hakuna umeme, na mwenye kibanda anaamini ameuziwa paneli mbovu.

Simu ndogo ya kawaida huhitaji wati-saa 5 hivi ili ijae. Pengo la 75 kwa siku ni simu 15 zisizochajiwa. Kila mwenye kibanda anajua bei anayotoza kwa simu moja. Azidishe kwa 15, kisha kwa siku 30, aone kama fundi wa bei nafuu alikuwa nafuu kweli.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwenye betri. Betri ya risasi inayokaa wiki kwa wiki bila kujaa huota fuwele za salfeti kwenye sahani zake, na fuwele hizo zikishakomaa haziondoki. Uwezo wake hushuka moja kwa moja. Betri za lithiamu huvumilia hali hiyo vizuri zaidi, lakini nazo haziwezi kutoa umeme ambao hazikuingiziwa. Katika mitambo mingi ya nyumbani betri ya risasi ndiyo kifaa cha kwanza kufa, wakati paneli kwa kawaida huuzwa na dhamana ya miaka 20 au zaidi. Mwinamo mbaya unaliongeza tatizo pale pale ambapo mfuko wa mwenye mtambo ni dhaifu.

Hoja ya wanaouza fremu za kugeuza

Katika soko hili wapo wanaotaka kumuuzia mnunuzi fremu yenye bawaba, ili paneli igeuzwe kaskazini mwezi Aprili na kusini mwezi Oktoba. Hoja yao ina ukweli ndani yake. Kugeuza mara mbili kwa mwaka kunaongeza umeme, lakini kwa kibanda kilichotajwa hapo juu ongezeko hilo ni asilimia chache, kama wati-saa 10 kwa siku. Hiyo ni taa moja ya wati 5 kwa saa mbili.

Mitambo mikubwa ina hesabu nyingine. Kituo cha Rwamagana nchini Rwanda, cha megawati 8.5, kilichoanza kutoa umeme mwaka 2014, kina paneli zinazolifuata jua kutoka mashariki hadi magharibi, na njia hiyo huweza kuongeza uzalishaji kwa asilimia 20 hivi. Kituo cha namna hiyo kina mafundi wa kudumu, vipuri na ulinzi. Mwenye nyumba hana vitu hivyo, na fremu inayofunguka kirahisi kwa ajili ya kugeuzwa inafunguka kirahisi kwa mwizi pia.

Bei nayo imeamua mjadala huu. Kati ya mwaka 2010 na 2020 bei ya paneli katika soko la dunia ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Zamani, paneli ilipokuwa ghali, ilikuwa halali kuhangaikia kila wati. Sasa mwenye fedha za ziada atapata umeme mwingi zaidi kwa kuzitia kwenye paneli kubwa kidogo iliyofungwa imara kuliko kwenye fremu ya kugeuza. Sharti ni kwamba paneli hiyo kubwa nayo ilazwe vizuri. Kuongeza wati juu ya mwinamo mbaya ni kujaza maji kwenye ndoo inayovuja.

Joto, kivuli na vumbi

Ni kosa pia kuulaumu mwinamo kwa kila jambo. Paneli ya kawaida hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya 25. Ikifika nyuzi 60 za Sentigredi, jambo linalotokea kwa urahisi ikiwa imebandikwa juu ya bati bila nafasi, hupoteza kama asilimia 14. Hasara hiyo inalingana na ile ya mwaka ya kuelekeza paneli upande usiofaa. Nafasi ya sentimita 10 kati ya paneli na bati, inayoruhusu upepo kupita, ni dawa ya bei ndogo.

Kivuli ni kibaya zaidi. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, na tawi la mwembe au tangi la maji likifunika sehemu ndogo tu, sehemu kubwa ya paneli huweza kunyamaza. Hakuna mwinamo unaoponya kivuli cha saa nane mchana.

Vumbi ni suala la msimu. Dodoma hukaa karibu bila mvua kuanzia Mei hadi Novemba, na katika miezi hiyo paneli haina msafishaji mwingine zaidi ya mwenyewe. Kitambaa laini na maji, asubuhi kabla paneli haijapata moto, vinarudisha umeme ambao fremu yoyote ya kugeuza haiwezi kuurudisha.

Wajibu wa mnunuzi na wa muuzaji

Kupima nyuzi 10 hakuhitaji chombo cha kitaalamu. Kwa kila mita moja ya usawa, upande mmoja unainuliwa sentimita 18. Kwa nyuzi 15, sentimita 27. Futi ya fundi seremala na pima maji vinatosha.

Upande wa kaskazini nao unajulikana bila gharama. Wakazi wa mwambao hawana haja hata ya dira, kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kamili ya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa. Mihrabu ya msikiti wa mtaa inaonyesha upande ambao paneli itazame. Mahali pengine, mti uliosimamishwa wima kwenye saa sita na nusu mchana, kivuli kinapokuwa kifupi kabisa, utaonyesha mstari wa kaskazini na kusini. Mwezi Juni kivuli hicho huangukia kusini. Dira ya simu ya mkononi pia inatosha, mradi isishikwe karibu na bati.

Kwa upande wa sheria, Kenya ilitunga kanuni mwaka 2012 zinazomtaka fundi wa mitambo ya sola awe na leseni. Hatua hiyo ni nzuri, lakini hakuna leseni inayoweza kukagua kila paa. Nidhamu ya soko inapaswa kuanzia dukani. Muuzaji anayejali jina lake hana budi kuandika kwenye stakabadhi mambo matatu: upande ambao paneli imeelekezwa, mwinamo wake kwa nyuzi, na saa ambazo kivuli kinaifikia. Mnunuzi naye azuie sehemu ya mwisho ya malipo ya ufundi mpaka mambo hayo matatu yamepimwa mbele yake. Muuzaji hapotezi kitu kwa utaratibu huo. Mteja ambaye betri yake imedumu atarudi kununua paneli ya pili kwa hiari, na ambaye betri yake imekufa ataitangaza habari hiyo mtaa mzima.

Waswahili wa biashara husema mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme wa jua ni mali. Mwenye mtambo aandike kila jioni saa ambayo kidhibiti chaji kilionyesha betri imejaa, kwa wiki moja ya Juni na wiki moja ya Desemba. Betri ikijaa kabla ya saa tisa alasiri katika majira yote mawili, mwinamo wake ni mzuri na hana sababu ya kuugusa. Ikijaa Desemba na kushindwa Juni, apande juu ya paa na futi yake kabla ya kwenda dukani na fedha zake.